Njia Tuliyomtandikia Afisa Mipango

Serikali haijawahi kuuona mto wetu ukiwa na maji. Nasema hivi bila kutia chumvi. Kila aliyewahi kutumwa kwetu kupima, kukagua, kuhakiki au kupiga picha alikuja kati ya mwezi wa saba na wa tisa, wakati pamba imeshauzwa na mto umelala mchanga mtupu kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Wakati huo ng'ombe wanaukatiza bila kulowesha kwato, na sisi kina mama tunachimba visima mle mle mchangani na kuchota maji kwa kata. Afisa anasimama ukingoni na miwani yake ya jua, anaona kitu kipana, cheupe na kikavu, na moyoni mwake anakiandika barabara. Mwezi wa kumi na mbili, mto huo unapobeba magogo na mizoga ya mbuzi, yeye yuko ofisini anaandaa bajeti. Masika magari yao hayafiki kwetu kwa sababu ya tope la mbuga, hivyo ushahidi kwamba hatufikiki wanao. Wameuweka tu kwenye faili la magari badala ya faili la shule.

Kitongoji chetu sikitaji, wala halmashauri yetu siitaji, maana sitaki mtu yeyote apate raha ya kukanusha. Inatosha kujua kwamba tuko Simiyu, na kwamba shule ya msingi iko ng'ambo ya pili ya mto, pamoja na zahanati, ofisi ya kijiji na kila kitu kingine kilichowahi kujengwa kwa fedha ya serikali. Upande wetu kulikuwa na shule shikizi, yaani darasa la muda kwa watoto wadogo ambao miguu yao haijaiweza safari. Siku za juma tulilitumia jengo la kanisa, kuanzia awali hadi darasa la pili. Anayefika la tatu anavuka kwenda shule mama, ile ya ng'ambo.

Mwalimu wa shikizi hiyo nilikuwa mimi. Cheti cha ualimu sikuwa nacho. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi kulima pamba, nikaolewa, na mume wangu alipohamia Katavi na ng'ombe nikabaki na binti yetu mmoja na shamba. Ndipo nzengo, ule umoja wa kaya jirani unaoamua mambo yetu yote, ikaniita na kuniambia nifundishe watoto. Walinipa mahindi, kila kaya debe moja baada ya mavuno, na hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

Nzengo hiyo hiyo ndiyo iliyojenga boma la shule, yaani kuta zinazosubiri paa. Tuliambiwa na kiongozi mmoja, ambaye tangu hapo amepanda vyeo viwili, kwamba wananchi wakipandisha kuta mpaka usawa wa lenta, juu ya milango, serikali itaezeka. Tukaamini, kwa sababu alisema akiwa amevaa tai. Kila kaya ilileta mawe na maji, vijana wakafyatua tofali, na asiyefika siku ya kazi bila sababu alitozwa mbuzi. Madarasa mawili na ofisi ya walimu yalifika lenta kabla ya mwaka kuisha. Kisha tukakaa tukisubiri bati. Tulisubiri mpaka mbuzi wakayafanya madarasa yale mahali pa kujikinga na jua, mpaka miti ikaota ndani na kuta za juu zikaanza kulika na mvua. Kila mwaka mtu alikuja, akazunguka boma mara moja, akasema, "Hongereni sana kwa moyo," akaondoka. Moyo wetu umepongezwa kiasi kwamba ungekuwa bati, tungeezeka mpaka kanisa.

Mwaka ninaousimulia, binti yangu alikuwa darasa la pili. Januari ingemkuta la tatu, na la tatu ni kuvuka. Alikuwa mfupi kwa umri wake. Nilimfundisha mwenyewe kusoma, na nasema bila haya kwamba alikuwa anasoma kuliko wote, akisoma mpaka maandishi ya kwenye mifuko ya mbolea. Kila nilipolitazama lile boma nilikuwa nalitazama kwa ajili yake. Likiezekwa, darasa la tatu litakuwa upande wetu. Lisipoezekwa, mtoto wangu atakuwa mwanafunzi wa kiangazi tu.

Ndipo zikaja habari kwamba kuna fedha za mradi, madarasa mawili kwa kata yetu, na kwamba afisa mipango wa halmashauri atakuja mwenyewe kuona yajengwe wapi. Ama yajengwe shule mama, ama fedha hiyo imalizie boma letu na shikizi isajiliwe kuwa shule kamili. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee mpole aliyezeeka akisubiri mambo ya serikali, akaita nzengo.

Ungetegemea kwamba kikao kilizungumzia shule. Kikao kilizungumzia gari. Mwaka uliotangulia bwana shamba alikwama kwenye mchanga wa mto, akakaa pale mpaka jua likageuka, na wanaume wa ng'ambo walitucheka kwenye magulio yote kwamba kwetu mgeni anazikwa akiwa hai. Wazee walisema aibu ile isirudiwe. Mtu mkubwa anakuja kwa ajili ya watoto wetu, tunamwachaje asukume gari? Mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nikasema miti ya pamba tunayotakiwa kung'oa na kuchoma baada ya mavuno ipo mashambani, tuing'oe tuitandike mtoni, tumwagie changarawe juu. Nikapigiwa makofi. Nilikaa chini nikijiona nina akili sana.

Tulifanya kazi siku mbili. Tulizichonga kingo zote mbili ziwe mteremko, tukatandaza miti ya pamba tabaka kwa tabaka, tukamwaga changarawe na udongo wa kichuguu, tukashindilia kwa miguu huku tukiimba kama tuko shambani. Ilikuwa njia nzuri. Mpaka leo ndiyo njia nzuri kuliko zote zilizowahi kutengenezwa kwetu, na haikudumu hata miezi minne.

Walikuja watatu: afisa mipango, mhandisi na dereva. Gari lilipita mtoni bila kutetereka. Afisa alishuka na shati jeupe lililopigwa pasi na kishikwambi mkononi, akatuambia, "Aisee, hapa kwenu pazuri." Tukamwamkia, yeye akaitikia kwa kidole gumba. Bomani alikaa muda wa mtu anayetafuta pa kujisaidia. Mhandisi aliugusa ukuta mmoja, punje za udongo zikamwagika, akajipangusa mkono kwenye suruali. Kisha afisa akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye jibu halimhusu, "Na huu mto masika una shida gani?"

Mwenyekiti akajibu, "Shida ndogo ndogo mkuu. Tumeshazoea."

Lazima nieleze jambo hili, maana asiye wa kwetu atadhani mzee alikuwa mjinga. Kwetu mgeni hamwagiwi shida akiwa amesimama. Mgeni anakaa, ananawa, anakula, na akishashiba ndipo mwenyeji anajongeza kiti na kusema, "Sasa baba, lililokuleta hapa tulizungumze." Kabla ya hapo ukiulizwa habari unajibu nzuri, hata kama una maiti ndani. Sisi wote tulijua kwamba mto utazungumzwa baada ya kuku. Mwenyekiti alishapanga nani aanze, na mimi nilikuwa nimeandika kwenye daftari miezi ambayo hakuna mtu anayevuka.

Basi wakala. Kuku wawili na wali wa kwetu wenyewe, soda zilizoletwa kwa pikipiki kutoka barabarani zikiwa bado na ubaridi. Afisa alisifu mchuzi. Akanawa, akatazama saa, akasema wana sehemu nyingine mbili za kuona kabla jua halijazama. Mwenyekiti akiwa bado anajongeza kiti, wao walikuwa wameshasimama. Daftari langu lilibaki kwapani. Kitu cha mwisho alichofanya yule bwana ni kusimama mtoni na kupiga picha ile njia yetu. Akaniambia, "Mama, hebu simama hapo uonekane, ushike na hilo jembe." Nikasimama. Nikatabasamu, tena kwa meno yote.

Mwezi wa kumi matokeo yalitangazwa kwenye mkutano ng'ambo: madarasa mawili yatajengwa shule mama. Watu wa kwetu walirudi nyumbani. Mimi sikukubali. Juma lililofuata nilipanda pikipiki, kisha gari, nikaenda halmashauri, nikakaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi mpaka wenye ofisi wakarudi kutoka kwenye chai, ambayo kwa jinsi ilivyochukua muda nadhani waliichuma wenyewe.

Nikiri kwamba afisa mipango alinikumbuka. "Karibu sana mama. Nyie watu wakarimu, mimi huwa nawasifia."

Nikamwambia nilichokuja nacho. Kwamba kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tano watoto hawavuki. Kwamba madarasa ya ng'ambo, yawe mawili au ishirini, kwa watoto wa kwetu ni mapambo. Alinisikiliza kwa utulivu ambao huwa wanafundishwa semina, kisha akakigeuza kishikwambi nikione.

"Hii ni nini?"

"Miti ya pamba."

"Ni barabara, mama. Umbali kilomita moja na kidogo, inapitika, gari limepita, mimi mwenyewe nilikuwemo. Na huyu hapa ni nani?"

"Ni mimi."

"Sasa."

Nilijitazama. Nilikuwa nimeshika jembe na kucheka kama bibi harusi. Chini ya picha walikuwa wameandika kwamba wananchi wa upande huo wanazifikia huduma kwa njia iliyoboreshwa kwa nguvu zao wenyewe.

"Hiyo njia tulitandika kwa ajili yenu," nikasema.

"Kwa hiyo mnaweza kutandika."

Nilimwambia aje Januari aone. Akaniambia bila aibu yoyote, "Januari magari hayaendi huko." Nikamtazama kuona kama amejisikia. Hakuwa amejisikia. Alikuwa mtu safi, kucha zake zimekatwa vizuri, na ndani ya kichwa chake hapakuwa na kitu kilichogongana na kingine.

Akanieleza kwamba mfumo umeshafungwa. Wakishasema mfumo, ujue mazungumzo yamekwisha, kwa sababu mfumo hauna kiti cha kukaa wala mlango wa kubisha. Ila kwa hisani yake akanipa ushauri. "Lindeni idadi. Watoto wa upande wenu, wa shikizi na wanaovuka, wakiwa wengi kwenye takwimu za mwaka ujao, tunaweza kuangalia upya. Wakipungua, ndiyo basi. Hatuwezi kujenga pasipo na watoto."

Niliondoka pale nikimdharau mpaka soli ya kiatu chake. Na nikaubeba ushauri wake kama nilivyoubeba mkoba wangu, nikaenda nao nyumbani.

Mbele ya nzengo nilisema vizuri kuliko siku ile ya miti ya pamba. Nikasema hawa watu hawana macho, wana tarakimu tu, basi tuwapige kwa tarakimu. Mtu asihamishe mtoto. Asimpeleke kwa shangazi wala kwa mjomba. Tuvumilie mvua moja, mwakani hesabu yetu itawafunga midomo. Wazee wakaitikia, na ikawekwa kuwa makubaliano ya nzengo.

Asubuhi iliyofuata alikuja jirani yangu tunayepakana shamba. Alikuwa mjane, na binti yake alisoma dawati moja na wangu. Kaka yake aliyekuwa akiuza mchele Lamadi alikuwa ametuma ujumbe kwamba mkewe amejifungua, wanataka yule binti akakae nao, na shule iko nyuma ya nyumba yao. Aliniamkia kwa adabu, "Mwangaluka, mwalimu," ingawa kwa umri ananipita, kisha akaniuliza afanye nini.

"Mmoja akiondoka, kesho wataondoka watano," nikamwambia. "Ngoja mwaka mmoja tu, mayu. Hata wangu yupo, haendi popote."

Akafikiri. Akashukuru, "Wabeja, mwalimu. Wewe ndiye uliyesoma." Akaenda kumjibu kaka yake kwamba mtoto hatakwenda.

Mwaka huo mvua zilichelewa, na Januari binti zetu wawili walivuka pamoja, viatu mkononi, maji yakiwa ya magoti. Walivuka siku saba. Siku ya nane mto ulifurika mchana wakiwa shuleni, na sisi tulioachwa upande huu tulisikia mvumo wake kabla hatujauona. Tulikimbia. Watoto wetu walikuwa wamejipanga ukingoni ng'ambo, wadogo kama vifaranga, na katikati yalipita maji ya rangi ya chai ya maziwa yakiwa na mti mzima ndani yake. Ile njia yetu haikuwepo. Nilisimama nikiita jina la mwanangu na sauti haikufika hata katikati. Wanaume walivuka kwa kamba jua likielekea kuzama, wakawabeba mmoja mmoja mabegani. Wa jirani yangu alikuja amefumba macho. Wangu alikuja ameyafumbua, na hilo liliniuma zaidi.

Baada ya siku hiyo hakuna aliyevuka, na hakuna aliyelazimishwa. Mchana, wadogo wakishaondoka kanisani, niliwafundisha wa la tatu kwa kitabu kimoja nilichoazima. Nilifundisha nilichokijua, na nilichokijua kiliisha mapema. Hesabu za kugawanya kwa njia ndefu nilizikosea mbele yao, binti yangu akanirekebisha, nikamwambia anyamaze. Wakati huo ng'ambo madarasa mapya yalikuwa yanapakwa rangi. Ukisimama kwenye kichuguu cha kwetu uliyaona, bati la buluu, madirisha ya vioo, na mbele yake kibao kilichoandikwa jina la mradi kwa herufi kubwa kuliko mlango.

Mwezi wa tatu maji yalipungua kwa siku mbili. Mtu mmoja akavuka na kuleta karatasi ya matokeo ya mtihani wa nusu muhula, iliyotumwa na mwalimu mkuu kwa nia njema. Majina ya watoto wetu yalikuwa chini kabisa, na mbele ya kila jina neno moja. Binti yangu alilisoma kabla sijaikunja karatasi.

"Mama, hapa wameandika sikuwepo." Akanitazama. "Sikuwepo wapi? Mimi si nilikuwa hapa?"

Siku zilizofuata aliacha kusoma mifuko ya mbolea. Hakulia wala hakununa. Aliacha tu. Jumamosi moja alfajiri nilimvisha sketi ya shule, nikaweka nguo zake kwenye mfuko wa sandarusi, na tukapita njia ya juu, ile ndefu ya kuzungukia darajani, inayochukua nusu siku kwa miguu kabla ya kupata gari. Jirani yangu alikuwa shambani anapalilia. Akauliza tunakwenda wapi. Nikasema tunakwenda gulioni.

Tulikwenda Bariadi kwa dada yangu. Jumatatu nilimpeleka shule ya karibu na kwake, na huko nikakuta ufundi mwingine wa mipango. Sisi tulikosa darasa kwa sababu tulikuwa na watoto wachache, wao walikosa kwa sababu ni wengi mno. Mwalimu wa darasa la tatu alisimama mlangoni kwa kuwa ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Alicheka niliposema nafasi. "Nafasi hapa hamna dada, kuna kubanana." Wakambanisha. Alikaa sakafuni karibu na mlango, kati ya watoto wawili wakubwa, akafungua daftari kwenye magoti, na kabla sijaaga alikuwa ameshaanza kunakili ubaoni. Nilisaini fomu ya uhamisho kwa mkono ule ule uliokuwa umeshika jembe kwenye picha. Nikarudi nyumbani siku hiyo hiyo, na njiani nilijisikia nafuu. Nafuu hiyo ndiyo ninayoionea aibu nikiikumbuka.

Siri kama hiyo kwetu haikai siku mbili. Jirani alikuja jioni ya siku ya pili, akiwa na ndoo ya maji kichwani, hakuitua.

"Gulio lilikuwa refu," akasema.

Niliinuka nimtue ndoo.

"Nilimtumia kaka ujumbe leo. Nikamwambia na mimi namleta wangu." Ndoo ilicheza kidogo, akaishika kwa mkono mmoja. "Amesema wamekwisha kumchukua mtoto wa upande wa mkewe. Nyumba ni ndogo."

Nikaanza kumweleza. Nilisema karatasi, nilisema jinsi mtoto alivyoniangalia, nilisema mama yeyote angefanya hivyo. Nikamwambia mwakani bado tuna nafasi ya kuangaliwa upya. Nilijisikia mwenyewe nikilisema lile neno, kuangaliwa upya, kwa sauti ile ile iliyosemwa ofisini.

Alinisubiri nimalize. "Mwalimu," akasema, "kumbe sisi ulikuwa unatuhesabu tu."

Akaondoka na maji yake.

Wengine walihamisha tu. Kabla ya mwezi wa tano waliokuwa na ndugu Magu, Maswa na Bariadi walikuwa wamewapeleka watoto wao, na waliobaki ni wale ambao ndugu zao wote wanaishi kama wao. Mwezi wa sita afisa elimu wa kata alikuja na fomu. Tulihesabu pamoja ndani ya kanisa. Alisikitika, akasema kwa idadi hii haoni wakiandika jina letu tena. Hakuniuliza wa kwanza kuondoka alikuwa nani. Kwenye fomu hakuna sehemu ya kujaza hilo.

Mto ulikuwa umekauka. Watoto waliobaki wakaanza kuvuka tena kwenda kwenye madarasa mapya ya bati la buluu, na asubuhi nilisimama ukingoni nikiwaangalia wakipita mchangani. Binti wa jirani hakuwamo. Siku ya kwanza nikadhani anaumwa. Juma likapita, la pili likapita.

Nikaenda kwao. Jirani alikuwa uani anamenya viazi vya kukata na kukausha michembe, na binti yake ameketi karibu naye na kisu kidogo, naye anamenya. Nikawaamkia, wakaitikia wote wawili. Nikasema mto umekauka, watoto wanavuka, shule iko wazi, mwalimu mkuu nimeshaongea naye, atampokea. Binti akamtazama mama yake. Mama akachukua kiazi kingine.

"Kazi zimekuwa nyingi," akasema. "Na yeye mwenyewe ameshasahau."

Nikasubiri anikaribishe kukaa, ili tulizungumze hilo vizuri. Ganda la kiazi lilikuwa linaangukia kwenye ungo, refu, bila kukatika. Vigoda viwili vilikuwa pale pale ukutani. Nilisimama mpaka jua likanichoma shingo, na hakunipa kiti.